Kuitoa enkoda ni rahisi, kuijua mota ndiyo kazi

Kwenye korona, mashine ya kukwangua mkonge, enkoda, yaani kifaa cha kupima kasi ya mota, haifi kwa uzee. Aliyewahi kuingia kiwanda cha mkonge Tanga anajua palivyo: majani yanalishwa upande mmoja, ngoma zenye visu butu zinayakwangua huku maji yakimwagwa bila kukoma, na upande wa pili zinatoka singa ambazo ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wa jani. Kilichobaki chote ni makapi na majimaji yenye asidi, yanayowasha ngozi na kula chuma. Hapo ndipo tulipokuwa tumefunga, nyuma ya mota ya mkanda wa kulishia majani, kifaa chenye kisahani cha mistari 1,024, kitaa kidogo upande mmoja na kipokea mwanga upande wa pili. Kila mstari ukipita linatoka pigo moja la umeme, draivu, kifaa cha umeme kinachoiendesha mota kwa kasi inayotakiwa, inayahesabu mapigo na kujua shafti inakwenda kasi gani. Maji yakipenya kwenye soketi ya waya, hesabu inavurugika.

Mota yenyewe ilikuwa ya kilowati 7.5, poli 4, mizunguko 1,450 kwa dakika. Hosipawa 10 kwa lugha ya karakana. Mkanda ule unatakiwa kwenda taratibu na bila kuyumba, maana majani yakija mengi kwa mkupuo ngoma inasongwa, na yakija machache unachoma umeme bure. Enkoda ikizima, draivu nayo inajizima kwa usalama, wapanga majani wanasimama, na simu ya msimamizi wa zamu inaanza kuita.

Dawa aliyoipendekeza kila mtu ilikuwa kuingia kwenye menyu ya draivu na kuchagua uendeshaji usio na sensa, yaani bila enkoda. Si dawa mbaya. Draivu nyingi za leo zinao uwezo huo: unaingiza namba za kwenye kibati cha mota, unaiamuru ijipime, mota inaguna kwa muda mfupi bila kuzunguka, basi. Laini ya kwanza ilikubali. Tukaing'oa enkoda, tukaziba tundu, tukaisahau.

Laini ya pili ilikataa. Mota ya aina ileile, kibati chenye namba zilezile, draivu ya toleo lilelile. Ikishashika kasi ilikwenda vizuri, lakini kuanza mkanda ukiwa umejaa ilikuwa kasheshe: inatetemeka, ampea zinapanda kupita za kwenye kibati, na mara nyingine shafti inarudi nyuma kidogo kabla ya kukubali kwenda mbele. Tukabadilishana draivu kati ya laini mbili. Tatizo halikuhama na draivu, lilibaki na mota. Na mota hizo zilitofautiana jambo moja tu: ya kwanza ilikuwa bado na waya wa kiwandani, ya pili iliwahi kuungua ikasukwa upya mjini.

Nikamfuata aliyeisuka, mzee mmoja mwenye karakana Ngamiani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Imeungua tena?”

“Haijaungua. Nataka kujua uliisuka vipi.”

Akafungua daftari lake lenye madoa ya vanishi, kurasa zimejaa michoro ya koili. Ilikuwa na waya mmoja mnene, akasema, na waya huo dukani haukuwepo, kwa hiyo alitia miwili myembamba sambamba. Miwili hiyo ikawa inajaza sloti, mifereji ya kulaza waya, mapema.

“Zilikuwa raundi 38 kila koili, nikaweka 36. Inafanya kazi au haifanyi?”

“Inafanya.”

“Sasa?”

Kwa mtu anayewasha mota moja kwa moja kwenye umeme wa volti 400, yule mzee hana kosa lolote. Mota ya pampu au ya mashine ya kusaga isingeona tofauti, ingechota tu ampea kidogo zaidi ikiwa haina mzigo. Kwa draivu isiyo na enkoda habari ni nyingine. Nguvu ya koili kutengeneza sumaku, yaani indaktansi, inafuata mraba wa idadi ya raundi. 38 zikiwa 36, unapoteza kama asilimia 10 ya indaktansi. Ukinzani nao umebadilika kwa sababu unene wa jumla wa shaba si ule wa mwanzo. Draivu inapojipima mota ikiwa imesimama, inaupata ukinzani, lakini mambo mengi mengine inayakisia kutokana na kibati. Na kibati kilikuwa kinaieleza mota ambayo haipo tena. Ndani ya gamba lilelile mlikuwa na mota nyingine.

Jambo hilo ndilo lililonipeleka kusomea udhibiti wa mota, nikiwa na swali moja la karakana: draivu inajuaje kasi ya shafti ambayo haiioni?

Kwanza niseme kwa kifupi mambo yalikotoka, maana vijana wengi wanadhani haya ni mapya. Kuigawa mikondo ya mota katika sehemu mbili, moja ya kutengeneza sumaku na nyingine ya kutoa nguvu ya kuzungusha, ni kazi ya Wajerumani: Karl Hasse mwaka 1969 na Felix Blaschke wa Siemens mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 Wajapani Isao Takahashi na Toshihiko Noguchi wakaonyesha kwamba unaweza kuidhibiti nguvu hiyo moja kwa moja kwa kuchagua swichi kutoka kwenye jedwali. Manfred Depenbrock wa Ujerumani alikuwa na njia ya ukoo huohuo. Udhibiti wa kutabiri, ambao ndio tulioutumia maabara, ulianza kutumika kwenye mitambo ya mafuta na kemikali miaka ya 1970, kwa sababu matangi na minara hubadilika polepole na kompyuta za wakati ule zilikuwa na nafasi ya kufikiri. Joachim Holtz na mwenzake Stadtfeld waliujaribu kwenye mikondo ya mota tangu 1983. Ila ulienea baada ya prosesa kuwa nafuu, na hapo jina linalotajwa kila mara ni la José Rodríguez na wenzake wa Valparaíso, Chile.

Uzuri wake ni kwamba unaeleweka bila hesabu nyingi. Draivu ina swichi 6 za elektroniki ziitwazo IGBT, jozi 3, moja kwa kila fezi. Kila jozi ama ya juu imefunga ama ya chini, kwa hiyo ziko hali 8 tu, na mbili kati ya hizo zinatoa volti sifuri. Zinabaki volteji 7 tofauti ambazo draivu inaweza kuipa mota wakati wowote. Basi prosesa inajiuliza: nikiipa hii, mkondo utakuwa wapi muda mfupi ujao? Fluksi, yaani wingi wa sumaku, je? Nguvu ya kuzungusha je? Inazijaribu zote 7 kichwani, inaipa kila moja alama kwa jinsi ilivyo mbali na kile kilichoagizwa, inachagua yenye alama ndogo. Kisha inaanza upya. Kwenye benchi letu la maabara ilifanya hivyo kila mikrosekunde 50, yaani mara 20,000 kwa sekunde, kwa chipu ya Texas Instruments ya megahezi 150. Kila uamuzi una mapigo 7,500 ya saa ya chipu, na ndani yake unatakiwa kupima, kukadiria, kutabiri mara 7 na kuamua. Nilijifunza kuhesabu kila operesheni ya kugawanya, maana kwenye chipu ile kugawanya kunakula muda kuliko kuzidisha.

Mambo mawili hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye vitabu, na ndiyo yanayomtoa mtu jasho.

La kwanza ni ucheleweshaji. Hesabu inakula karibu muda wote wa hizo mikrosekunde 50, kwa hiyo jibu unalolipata sasa litatumika hatua inayofuata, wakati mota imeshasogea. Programu inatakiwa itabiri kwanza hali ya mwisho wa hatua hii, ambayo uamuzi wake umeshatoka, ndipo ichague ya hatua ya pili. Ukiliruka hilo mota inazunguka, lakini mkondo wake kwenye osiloskopu unakuwa na meno ya msumeno.

La pili ni uzito. Nguvu ya kuzungusha inapimwa kwa nyutonimita na fluksi kwa weba. Huwezi kujumlisha makosa yao bila kuamua lipi linakuuma zaidi. Mota ya benchi ilikuwa ya kilowati 2.2, mizunguko 1,430, ambayo inatoa karibu nyutonimita 15 ikiwa na fluksi inayokaribia weba 1. Kwa hiyo unaanza na uzito wa 15 kwa fluksi, kisha unasogeza juu au chini ukisikiliza. Nasema kusikiliza kwa maana ya masikio. Draivu ya kawaida inaimba sauti moja nyembamba kwa sababu swichi zake zinapiga kwa hezi zilezile daima. Hii ya kutabiri swichi zinapiga inapobidi tu, na sauti yake ni ya mafuta ya moto yaliyotiwa vitunguu. Ukiweka uzito vibaya, ule mchirizo unageuka mngurumo.

Mpaka hapo tulikuwa bado na enkoda. Kuitoa kuna njia nyingi, na niliyoifahamu zaidi ni ile aliyoieleza Colin Schauder mwaka 1992. Unakadiria fluksi ya rota, sehemu inayozunguka, kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia moja inatumia volti na mikondo ya steta, sehemu isiyozunguka, na haina habari ya kasi. Ya pili inatumia mikondo pamoja na kasi. Kasi hujui, basi unaikisia, unalinganisha majibu mawili, yakipishana unaisogeza kasi mpaka yakubaliane. Kasi iliyoyapatanisha ndiyo kasi ya shafti.

Kwenye mizunguko 1,000 au 1,400 inakubali kiasi cha kukutia kiburi. Sisi tuliilinganisha na enkoda iliyokuwa bado imefungwa kwa ajili ya kupima tu, mistari miwili kwenye skrini ikapandana. Shida inaanza ukishuka. Nitaiweka kwa namba kwa sababu bila namba haieleweki kwa nini mota ya korona ilikuwa inarudi nyuma.

Kwenye hezi 50 kila fezi ya mota ya benchi inapata volti 230. Kwenye hezi 1, volti zinazotokana na sumaku, ambazo ndizo zenye habari ya rota, ni kama 4.6 tu. Ukinzani wa fezi ulikuwa omu 2.7 mota ikiwa ya baridi, na mkondo wa kutengeneza sumaku peke yake ampea 2.5 hivi, kwa hiyo volti kama 6.7 zinapotea kwenye shaba kabla hujafika kwenye sumaku. Kinachopotea ni kikubwa kuliko unachokitafuta. Sasa mota inapata joto. Ukinzani wa shaba unapanda karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, na joto likiongezeka nyuzi 65 omu 2.7 zinakuwa 3.4. Kosa hilo peke yake ni volti 1.7, zaidi ya theluthi ya zile 4.6. Juu yake kuna muda wa mikrosekunde 3 ambao swichi ya juu na ya chini zote zinazimwa ili zisigongane. Kwa benki ya kapasita ya draivu yenye volti 560 na swichi zinazopiga wastani wa mara 4,000 kwa sekunde, unakosa karibu volti 7 ambazo programu inadhani imezipeleka. Usipozifidia hizo, hakuna algorithimu duniani itakayokuokoa kwenye kasi ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Udhibiti wa kutabiri unategemea namba za mota ili utabiri. Ukadiriaji wa kasi nao unategemea namba zilezile ili ukadirie. Namba ikiwa mbaya, kosa linaingia kwa milango miwili, na vibaya zaidi, makosa mawili yanapatana. Utabiri unasema mota itatoa nyutonimita 10, kadirio linasema imetoa 10, na kwenye skrini mistari imenyooka. Nyutonimita zenyewe hakuna aliyezipima. Tuliwahi kuipandisha joto mota kwa mzigo mpaka gamba halishikiki, tukaishusha mpaka mizunguko 30. Skrini ikaonyesha 30 kamili, imetulia. Mwenzangu akabandika kipande cha utepe unaong'aa kwenye shafti, akailenga kwa takometa ya mkononi: shafti ilikuwa inapishana na skrini, tena ikiyumba. Alicheka, mimi nikaandika ukinzani wa wakati ule pembeni ya grafu. Tangu hapo nikiletewa matokeo ya mota isiyo na sensa, swali langu la kwanza ni nani aliyepima kwa chombo kisichotumia programu ileile.

Halafu kuna mahali ambapo hata namba zikiwa sahihi hazitoshi. Hezi za steta zikiwa sifuri kabisa, sumaku imesimama mahali pamoja, na kwenye nyaya za mota hakuna kitu kinachotofautisha shafti iliyosimama na inayozunguka. Watu wengi hudhani hilo linatokea mota ikiwa imesimama tu. Chukua mota ya mizunguko 1,430: inapishana na sumaku, inayozunguka 1,500, kwa mizunguko 70 ikiwa na mzigo kamili. Iwe ya winchi, inateremsha mzigo huo taratibu, shafti inarudi nyuma kwa mizunguko 70 huku mota inazuia kwa nguvu zake zote. Hesabu inakuangukia sifuri palepale. Mzigo uko hewani, unatembea, na draivu haina habari. Kwa winchi na lifti msimamo wangu haujayumba: funga enkoda, linda waya wake, nunua na ya akiba. Anayetaka kuokoa bei ya enkoda kwenye winchi anaokoa mahali pasipostahili.

Mkanda wa mkonge si winchi. Majani yakichelewa sekunde moja hakuna anayeumia. Niliporudi kiwandani niliomba siku ambayo laini imesimama kwa usafi, tukaifungua kaplingi, kiungio cha mota na mkanda, ya mota ya laini ya pili ili draivu ijipime ikiwa inazunguka bila mzigo. Hiyo ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka kwa sababu kufungua kaplingi ni kazi ya spana na jasho. Ampea za bila mzigo zilitoka juu kuliko zile draivu ilizokisia kutoka kwenye kibati, kama raundi 36 zilivyoahidi. Baada ya kuziingiza, kurudi nyuma kukaisha. Mtetemo wa kuanza ulipungua bila kwisha, nikaupunguza zaidi kwa kuiambia draivu iweke sumaku kwanza kabla ya kuamuru mwendo, na kwa kupima ukinzani upya kila inapowashwa, maana asubuhi mota ina joto la hewa na baada ya mapumziko ya mchana ina joto la kazi. Draivu ile si ya kutabiri. Ni ya kawaida, ya dukani. Hakuna haja ya kuleta maabara yote kiwandani. Kilichokuja nami kutoka maabara ni tabia ya kutokiamini kibati.

Yule mzee wa Ngamiani nilimpelekea majibu. Hakupenda mwanzoni, alisikia kama nasema kazi yake ni mbovu. Nikamwambia raundi 36 hazina ubaya, ubaya ni kwamba anazijua yeye na daftari lake tu.

“Kwa hiyo unataka nikugawie daftari?”

“Nataka uligonge kwenye mota, mzee wangu.”

Sasa mota ya draivu ikitoka kwake ina kibati cha pili cha alumini chini ya kile cha kiwandani: raundi za kila koili, unene na idadi ya waya, ukinzani kati ya fezi na fezi, na joto la karakana siku alipopima. Anaipima kwa mita yenye nyaya 4, kwa sababu mita ya kawaida ya mkononi haiaminiki kwenye omu chini ya moja. Anatoza hela ya ziada na wateja wa viwandani wanalipa. Aliniuliza kama mota za pampu nazo zinahitaji kibati hicho, nikamwambia hizo aziache kama zilivyo.